Tufaha la Kupaka Rangi

14 Januari

Shangazi,

Shikamoo. Na shikamoo ya pili ni ya Baba, ambaye amesimama nyuma ya kiti changu kuhakikisha nimeiandika.

Sisi hatujambo. Goti la Mama bado linamsumbua, lakini akiambiwa apumzike anafagia uwanja mara mbili ili kutukomoa. Baba ameanza kutengeneza mlango wa jikoni, maana yake kwa sasa hatuna mlango wa jikoni. Wewe je? Siku zako unazipitishaje huko ughaibuni kwa mwanao Injinia?

Sikupiga simu kwa sababu Injinia huyo huweka simu kwenye spika, na hili sitaki lisikike sebuleni kwenu. Wewe uliongoza shule mpaka ukastaafu. Nisaidie, maana mimi nimefika mwisho wa akili.

Mwaka huu nimepewa Kiingereza darasa la sita. Watoto wamejaa mpaka dirishani, na kila mmoja ana Kiingereza chake. Mbele kuna kijana tunamwita Redio. Amekiokota kwenye televisheni, na hazimiki. Kabla sijamaliza swali ameshajibu, na akimaliza kujibu anaongeza habari za michezo. Katikati wapo wanaoelewa nusu na kubahatisha nusu. Nyuma wamekaa waliotoka shule ambazo hazikuwa na mwalimu wa somo hili kabisa. Hao wananakili ubao kwa mwandiko mzuri ajabu bila kujua wameandika nini. Juzi niliandika pembeni, kwa Kiingereza, "tafadhali usifute". Wote wa nyuma wakainakili kama swali la mwisho.

Huko huko nyuma yuko msichana mmoja mrefu, wenzake wanamwita Kimya. Tangu shule ifunguliwe sijasikia sauti yake.

Mwalimu mkuu wetu, Bwana Ratiba, ana sheria moja: leo darasa zima liwe ukurasa huu, kesho ule. Nilimwambia, "Mwalimu, nusu ya watoto hawajaelewa ukurasa wa jana." Akanijibu, "Ukurasa wa jana umeshapita, mwalimu."

Nikienda polepole, Redio anachora pikipiki kwenye dawati. Nikienda mbio, wa nyuma wanalala macho wazi. Nikienda katikati nawaudhi wote kwa usawa. Nifanye nini?

Binti yako anayezeeka kabla ya wakati,
Kasuku


9 Februari

Kasuku,

Marahaba, wewe na mdogo wangu huyo anayebomoa nyumba. Mwambie mlango unapimwa kwanza ndipo unang'olewa. Mama yako mfungie fagio kabatini.

Huku tu wazima. Injinia na mkewe wanatoka asubuhi na kurudi jioni. Mjukuu wangu aliumia mkono, akafungwa plasta, anaendelea vizuri. Hilo tuliache.

Darasa lako. Sioni unalia nini. Mimi nilifundisha hesabu watoto waliokuwa hawajui kuhesabu vidole vyao pamoja na watoto walionisahihisha ubaoni, chumba kimoja, saa moja. Dawa yake ni kugawanya. Wape jaribio dogo, wapange makundi matatu: wa juu, wa kati, wa chini. Kila kundi meza yake na kazi yake. Wa juu asimsubiri wa chini, wa chini asimwonee haya wa juu. Basi. Mambo mengine ni kelele.

Huyo Bwana Ratiba muitikie "ndiyo mwalimu" kisha ufanye kazi yako. Mimi mwenyewe niliitikiwa hivyo miaka mingi na nilikuwa najua.

Umeuliza siku zangu. Nina shughuli zangu. Jumanne na Alhamisi asubuhi natoka. Mtu mzima akitoka haulizwi anakwenda wapi.

Shangazi yako


3 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Mlango wa jikoni umerudi, ila sasa unafungukia nje na kila anayepita uani unampiga bega. Mama amepata fagio lingine kwa jirani.

Nimegawanya kama ulivyosema. Makundi matatu, nikayapa na majina ya kuvutia: Tai, Njiwa na Vifaranga. Nikachora na picha zao ukutani, mimi mwenyewe, kwa rangi. Tai wanasoma hadithi na kuandika insha. Njiwa wanajaza mapengo. Vifaranga nimewapa karatasi za picha: mpira, paka, tufaha. Wanapaka rangi na kuandika neno chini.

Wiki ya kwanza nilijiona nimeshinda. Wiki ya pili mambo yakaanza kuharibika. Mama mmoja wa Njiwa amekuja kuuliza kwa nini mwanawe hajapewa utai. Redio anapita katikati ya madawati amekunjua mikono kama mabawa. Wakati wa mapumziko yeye na Tai wenzake wanawalilia wa nyuma "piu, piu, piu". Bwana Ratiba aliingia akasimama mlangoni, akaangalia meza tatu zenye kazi tatu, akaniuliza, "Mwalimu, hapa ni darasani au sokoni?" Nilimwitikia "ndiyo mwalimu", na haikusaidia, kwa sababu lilikuwa swali.

Kinachoniuma zaidi ni Kimya. Nilimweka Vifaranga kwa kuwa jaribio lake lilirudi jeupe. Nilimpa karatasi ya tufaha. Aliitazama, akalipaka rangi nyekundu vizuri bila kutoka nje ya mstari, akaniletea mezani kwa mikono miwili. Nikamwambia kwa sauti, "Hongera sana!" Kesho yake hakuja. Mpaka leo hajaja.

Nimefuata ulichoniambia neno kwa neno. Sasa niambie nimekosea wapi.

Na hizo shughuli za Jumanne na Alhamisi ni zipi? Baba anasema umeanza biashara unatuficha.

Binti yako,
Kasuku


28 Machi

Kasuku,

Marahaba.

Umewaita watoto vifaranga? Una wazimu? Nilikwambia makundi, sikukwambia banda la kuku.

Na hilo tufaha. Nani kakufundisha kuwapa watoto wenye akili zao tufaha? Mtoto wa darasa la sita hajui tufaha ni jekundu? Na ulipompongeza, ulipaza sauti? Ulimwongelea taratibu, umekodoa macho, kama unaongea na kiziwi? Nijibu hilo.

Zing'oe hizo picha ukutani leo leo.

Mimi sina biashara. Mwambie babako ashughulike na mlango wake. Jumanne na Alhamisi sitoki tena. Kuna baridi.

Shangazi yako


20 Aprili

Shangazi,

Shikamoo, ingawa leo naitoa nikiwa nimenuna.

Nyumbani wote wazima. Salamu zimeisha.

Wewe ndiye uliyeniambia nigawanye! Barua yako ninayo hapa, "wa juu, wa kati, wa chini", mwandiko wako. Nimegawanya, unanitukana. Ndiyo, nilipaza sauti. Nilikuwa namtia moyo.

Na sasa Injinia amempigia Baba simu. Anasema tangu Januari ulikuwa unakwenda darasa la Kiingereza la watu wazima, pale maktaba. Anasema Alhamisi moja ulirudi mapema, ukavua koti, ukaingia chumbani, na darasani hukurudi tena. Akikuuliza unasema kuna baridi. Anasema baridi iliisha kitambo. Shangazi, muda wote huo unanifundisha kufundisha, na wewe mwenyewe unasoma, hukusema neno! Kulikuwa na ubaya gani?

Picha nimeziondoa. Kimya hajarudi. Nilikwenda kwao Jumamosi. Anakaa na dada yake, fundi cherehani, chumba kimoja kimegawanywa na pazia. Dada akaniambia, "Haumwi, mwalimu. Anakula, anafua, ananisomea magazeti nikiwa nashona. Shule ndiyo hataki." Nikauliza kwa nini. Akasita, akasema, "Kule alikotoka alikuwa wa kwanza. Hapa anasema amerudishwa chekechea." Nilimwita kwa upole. Pazia lilitikisika kidogo, basi. Hakutoka hata kunisalimia.

Nimerudi nimekasirika, na sijui nimkasirikie nani. Naanza na wewe kwa kuwa uko mbali.

Kasuku


15 Mei

Kasuku wangu,

Marahaba. Injinia mdomo wake ni mwepesi tangu utoto. Nimemwambia.

Nimekaa na barua yako wiki mbili. Nitakwambia mara moja, na usinirudishe tena huko.

Mwezi wa kwanza mjukuu wangu alianguka na baiskeli nje ya nyumba. Nilikuwa peke yangu naye. Anakuja analia, ananiambia panapouma, na ananiambia kwa Kiingereza, maana Kiswahili chake ni cha salamu na cha chakula. Mimi nikamkumbatia, nikaushika mkono, nikausugua, nikaukanda. Yeye anazidi kulia na kusema neno lile lile, lile lile. Mama yake aliporudi akamsikiliza mara moja tu akaniangalia. Nilikuwa nimekanda mkono mzima. Uliovunjika ulikuwa wa pili.

Wiki ile ile nikajiandikisha maktaba.

Mwalimu wetu ni binti wa umri wako, mwema, hana kiburi. Alituuliza maswali, nikanyamaza kwa sababu sikuelewa, akanipeleka meza ya dirishani. Tulikuwa watatu: mimi, fundi saa mmoja mwenye mvi kunizidi, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Lugha zetu tatu tofauti. Alituletea karatasi. Tufaha. Na penseli za rangi kwenye kikombe.

Nilipaka, Kasuku. Wiki ya kwanza mpaka ya nane. Tufaha, mpira, nyumba, paka. Kila nikimaliza anainama, anakodoa macho, ananipigia makofi. Mimi! Niliyesimama mbele ya wakaguzi wa elimu wakaficha kalamu zao.

Meza ya kati, wenzetu walikuwa wanasoma gazeti. Alhamisi ile walikuwa wanajadili habari moja iliyokuwa na picha kubwa, kwa hiyo niliielewa: halmashauri inataka kufunga choo cha bustani. Choo, Kasuku! Nani anajua habari za vyoo vya watu wengi kunizidi mimi? Nimejenga vya shule mara tatu. Najua ukifunga kimoja kinachotokea ni nini na kinatokea nyuma ya ukuta gani. Kifua kilinijaa. Na mwalimu akanigeukia, akanisogezea penseli ya kijani, akanionyesha jani la tufaha.

Niliinuka nikachukua koti.

Sasa nisikilize. Makundi si kosa. Kosa ni kudhani mwenye maneno machache ana mawazo machache. Sisi wa dirishani hatukukosa la kusema, tulikosa cha kulibebea. Yule msichana wako anamsomea dada yake magazeti. Wewe umempa tufaha. Wape wote jambo moja lenye uzito, jambo la kugombania. Wasaidie kwa namna tofauti, huyu kwa picha, huyu kwa kuanziwa sentensi, huyu mwache na karatasi tupu. Waache wafikirie kwanza kwa lugha yao, kisha walivushe mpaka kwenye Kiingereza. Na ukimuuliza mtu swali, funga mdomo wako ungoje. Hilo la mwisho mimi sikuwahi kuliweza.

Usiende kumwomba msamaha ukadhani umemaliza. Msamaha haumpi mtu kazi ya kichwa.

Na usiniambie nirudi. Hayo ni yangu.

Shangazi yako


12 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako sikumsomea mtu. Baba aliuliza mara tatu umeandika nini, nikamwambia umeuliza habari za mlango, akaondoka mwenyewe.

Nilikwenda tena kwa Kimya. Hukutaka niombe msamaha tu, lakini niliomba, maana nilikuwa nadaiwa. Nikaliambia pazia, "Majina yale nimeyafuta. Nilikosea." Dada akaendelea kushona. Nikaomba tena. Hapo nikachoka kabisa, Shangazi, nikavuta kigoda nikakaa, nikamwambia dada, "Haya, basi wewe nisaidie. Nimetunga hadithi ya darasani. Mtu kaazima ngazi kwa jirani, hata siku ya kuirudisha hakuambiwa. Kaipanda, imevunjika, kaumia mguu. Mwenye ngazi anasema nilipe ngazi yangu. Aliyeazima anasema nilipe mguu wangu, ngazi ilikuwa imeoza. Nani mwenye makosa?"

Dada akasema bila kuinua macho, "Aliyeazima. Kitu cha watu unakikagua."

Na nyuma ya pazia sauti ikasema, "Hapana."

Nilitaka kuruka. Nikakumbuka ulivyosema, nikafunga mdomo. Cherehani nayo ikanyamaza. Tukangoja.

"Mwenye ngazi alijua," pazia likasema. "Ngazi nzima hakuna anayeiazimisha bila kusema urudishe lini. Alitaka ivunjikie mkononi mwa mtu."

Jumatatu alikuja. Hakunisalimia, lakini alikuja.

Nimefundisha ngazi ile wiki nzima. Niliichora ubaoni, Redio akaigiza kuanguka, na alianguka kwa moyo wote mpaka akapasua kaptula. Kisha wakabishana wawili wawili kwa Kiswahili. Kisha nikaandika ubaoni kwa Kiingereza mianzo miwili, "nadhani kwamba" na "kwa sababu". Anayeweza neno moja aweke neno moja. Anayeweza mstari aandike mstari. Tai wa zamani niliwapa karatasi tupu: andikeni barua ya mwenye ngazi kwa jirani yake.

Redio alijaza ukurasa. Niliusoma wote. Ulikuwa Kiingereza kizuri cha kusifia ngazi, jinsi ilivyokuwa ndefu na yenye kupendeza. Hakuwa na hoja hata moja. Nikamkalisha na Kimya. Kimya akamwambia ile ya kuazimisha bila kusema urudishe lini, Redio akabaki mdomo wazi, akataka kuiandika, akakwama: neno la "kuoza" hakulijua. Kimya akalitafuta kwenye kamusi, kwa kidole, akamwonyesha bila kusema kitu.

Usidhani mambo ni asali. Kila somo naliandaa mara tatu. Makelele ni ya kiwanda. Kuna siku wa kati wanakaa tu kwa sababu nimewasahau. Na Bwana Ratiba amekuja na wazo jipya: baada ya likizo, wote wa nyuma wahamishiwe stoo ya zamani, "darasa maalumu", yenye viti vibovu, wafundishwe na mwalimu atakayekuwa na nafasi. Mwalimu mwenye nafasi hapa shuleni hayupo. Nimemwambia hapana. Ameniambia atakuja mwenyewe kuwasikiliza, na nisipomwonyesha maendeleo wanakwenda.

Ulisema nisikuambie urudi maktaba. Sikuambii. Nauliza tu kama hicho choo kimeshafungwa.

Binti yako,
Kasuku


6 Julai

Kasuku,

Marahaba. Una ulimi wa babu yako.

Choo hakijafungwa. Nikueleze.

Jumanne moja nilipita maktaba kuazima kitabu cha picha cha mjukuu. Darasa lilikuwa limeanza. Nikachungulia tu. Fundi saa akaniona, akanyanyuka kwenye meza ya dirishani, akanivutia kiti. Sasa mtu mzima amekuvutia kiti, utafanyaje?

Lakini sikukaa pale. Nilikichukua kile kiti, nikakipeleka meza ya gazeti, nikakaa. Walikuwa bado kwenye choo, maana halmashauri ilikuwa imeita watu watoe maoni. Mwalimu akaja na tabasamu lake, akanishika bega, akanionyesha dirishani. Mimi nikakishika kiti. Nikasema kwa Kiingereza, "Nadhani hapana." Ile uliyoiandika ubaoni kwako mjukuu alinitafutia matamshi yake, nikaifanyia mazoezi bafuni.

Meza yote ikanigeukia. Mwalimu akaniuliza kwa nini.

Nikasema, "Kwa sababu."

Kasuku, sikuwa na kitu baada ya hapo. Nilisimama na "kwa sababu" yangu kama mtu aliyeshikilia mlango wa nyumba isiyokuwepo. Nilidhani atanipigia makofi ili yaishe. Hakunipigia. Alivuta kiti akakaa chini, mikono magotini, akangoja. Kijana mmoja akataka kunisaidia, akamnyamazisha kwa kidole.

Nikasema, "Wazee." Nikasema, "Kutembea. Mbali." Nikakosa neno la kushindwa kujizuia, nikalionyesha kwa uso, na yule mama mwenye mtoto akacheka mpaka mtoto akaamka, na meza yote ikaelewa. Mwalimu akaliandika ubaoni. Nimeliandika na mimi, ila sikuandikii wewe, si neno la barua.

Alhamisi iliyofuata hakukuwa na tufaha kwenye meza yoyote. Alileta gazeti lile kwa wote, sisi wa dirishani likiwa na picha na maneno machache aliyoyapigia mstari. Sikumwambia kitu. Ningemwambia kwa lugha gani? Nafikiri aliona mwenyewe. Angeona mapema zaidi ningependa zaidi, lakini hata mimi nilichelewa kuona vitu darasani kwangu, na mimi sikuwa na kisingizio cha lugha.

Bado niko chini. Mjukuu ananicheka ninavyotamka, nami nikimcheka Kiswahili chake ananuna, tunakwenda hivyo.

Huyo Bwana Ratiba akija, usifundishe mbele yake somo la maonyesho. Mwache yeye aulize.

Shangazi yako


2 Agosti

Shangazi,

Shikamoo kubwa. Mama na Baba wanakusalimu. Mama amesikia habari ya choo (ndiyo, hii nimeisoma kwa sauti, nisamehe) na amecheka mpaka goti likasahaulika.

Bwana Ratiba alikuja Ijumaa. Amevaa tai shingoni, ameshika kitabu cha kiada, ukurasa ameukunja kabisa. Nilimpa kiti, akakataa. Nikamwambia, "Karibu, mwalimu, uliza unachotaka," nikaenda nikasimama kwenye kona, mikono nyuma.

Alitembea mpaka nyuma. Akamchagua Kimya, bila shaka kwa kuwa ndiye anayejificha zaidi. Akamsimamisha, akamuuliza kwa Kiingereza swali refu, la haraka, la kujikunja kama bomba la maji. Kusema kweli hata mimi sikulipata lote.

Kimya akasimama. Redio alikuwa amenyanyuka nusu, jibu liko mdomoni, kisha nikamwona anajiziba mdomo kwa viganja viwili, macho yamemtoka. Mimi nilikuwa nasema moyoni, mtoto wangu, neno moja tu, lolote.

Kimya akasema, kwa Kiingereza, "Tafadhali rudia. Polepole."

Bwana Ratiba akashtuka. Sidhani kama kuna mtu amewahi kumwambia arudie. Akarudia, haraka vilevile, ila kwa sauti kubwa zaidi.

Kimya akatikisa kichwa. "Si kwa sauti," akasema. "Polepole."

Hakuna aliyecheka. Nilidhani atamfukuza. Uso ulimbadilika rangi. Akaangalia kitabu, akaangalia dari, akasafisha koo, na, Shangazi, nakuapia, akalikata lile swali vipande vitatu. Kipande cha kwanza akakisema na kuonyesha kwa mkono. Kipande cha pili akakwama, akatafuta neno jepesi zaidi, akalipata. Cha tatu akakiandika ubaoni. Alikuwa anauliza mtu afanye nini akiona mwenzake anaonewa na yeye mwenyewe anaogopa.

Kimya alisoma ubao. Akangoja, Bwana Ratiba naye akangoja, hana la kufanya. Kisha akajibu. Jibu lilikuwa na makosa kila neno la pili, vitenzi vimelala huku na huku, nami nalileta kwako kwa Kiswahili maana kwa Kiingereza sitaki mtu yeyote alisahihishe: "Nitaogopa, nitabaki. Nisipobaki, wao watatu, yeye mmoja. Nikibaki, sisi wawili."

Bwana Ratiba akafunga kitabu. Akaniambia kwa Kiswahili, mbele ya watoto, "Mtoto msumbufu huyu." Akaenda mpaka mlangoni, akageuka. "Na makelele yapunguzwe."

Jana nimepita stoo. Wamerudisha matoroli na ngoma za gwaride humo ndani, na kufuli limefungwa. Hakunieleza kitu, nami sikuuliza. Mtihani wa likizo Kimya ameshindwa, alama zake zinasikitisha, kwa sababu mtihani unataka kujaza mapengo na yeye mapengo bado yanamshinda. Redio amepasi na kiburi kimerudi. Wa kati bado nawasahau siku nyingine. Muhula ujao wanaongezwa watoto wengine, na wawili kati yao, nasikia, hawajui hata Kiswahili. Nilipoambiwa niliweka kichwa mezani.

Kisha Kimya akaja pale ofisini, akasimama mbele yangu. Ni mara ya kwanza anakuja mwenyewe. Nikainua kichwa nikamuuliza, "Unataka nini?"

Akasema, "Hao wapya, wakae na mimi."

Binti yako,
Kasuku